UZI: Siku 9 wodini na mtoto wa dada yangu, mambo hakuna mtu hukuambia ukifika geti

mjomba_wa_miwani (mwenye uzi)

Wasee habari za humu. Hii itakuwa ndefu kwa hivo kama bando yako iko karibu kukata soma baadaye. Na hilo jina ni la kule kwa mashamba ya miwa, macho yangu ni mazima, maswali ya miwani tuliyamaliza mwaka jana.

Mimi ni mjomba tu, udaktari sijui. Lakini mwezi wa nane nimelala siku 9 kwa benchi, zingine chini ya kitanda, nikikaa na mtoto wa dada yangu, miaka 6, ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, na kenye nimetoka nacho huko ni hiki: hizi hospitali zetu kubwa zina madaktari, zina mashine, dawa ziko kiasi, lakini mwenye anazikutanisha na mgonjwa ni wewe ndugu yake umevaa sandali unazunguka na karatasi mkononi. Usipojua kuzunguka mgonjwa wako atangoja, na si ati kuna mtu anamchukia, ni ju hakuna mwingine wa kuzunguka.

Hospitali siitaji. Ata inboksi usikuje.

Ilianza Jumatano usiku mtoto akalia miguu. Mamake amezoea, akampa maji mengi na panadol akamfunika vizuri, ju mtoto huwa hivo baridi ikiingia. Asubuhi joto limepanda, macho ni njano, dada akaniita nje akachukua kiganja cha mtoto akakiweka kando ya chake. Cheupe. Si cheupe cha vumbi, cheupe kama ugali. Tukapanda nduthi watatu na mwenye nduthi wa nne mpaka dispensari.

Sista wa dispensari akadunga kidole, mistari 2, malaria. Akavuta kope ya chini akaangalia. Huyo mama hakuongea mob, akapiga sindano ya kwanza ya malaria hapo hapo, akaandika barua, akaniambia "mjomba msipitie nyumbani kuchukua nguo, nguo zitaletwa." Nilitaka kubishana ju mfukoni nilikuwa na mia nane pekee. Sasa hio barua nawaambia ilikuwa na nguvu kushinda hizo mia nane. Kasualti foleni ilikuwa imefika mlangoni, sista wa pale akasoma kidogo tu, akashika kiganja cha mtoto, tukapita watu kama thelathini. Kuna mzee alilalamika sana tukipita. Simlaumu, siku zingine mimi ndio huwa huyo mzee.

HB, ile ya kuonyesha damu iko kiasi gani, ikapimwa, 3.9. Daktari kijana akasema huyu anataka damu leo, si kesho. Akamtoa damu kidogo kwa chupa ya kifuniko cha zambarau, akajaza fomu, akaniwekea zote mkononi: "peleka maabara, dirisha la damu, kimbia." Nikakimbia. Chupa bado ina joto kwa ngumi yangu. Nafika dirishani jamaa anaangalia chupa, anaangalia fomu, anaangalia chupa tena, anairudisha. Kwa fomu mtoto ana majina mawili, kwa chupa ana moja la hayo na lingine tofauti, na nambari ya hospitali haiko. Anasema hapokei. Mimi naye, boss, mtoto ni mmoja, mimi ni mjombake, nimemwacha pale nyuma mita mia mbili! Akafunga dirisha.

Narudi wodini yule daktari ameitwa theta, kule kwa upasuaji. Kungoja. Akarudi, kudungwa tena, na huyu mtoto mishipa yake ni ya kutafuta, walijaribu mikono yote miwili ndio wakapata kwa mguu. Masaa mawili yameenda hivo ju ya jina. Nitasema ukweli, yule jamaa wa dirisha nilimtusi, kwa moyo sana, kwa mdomo kidogo.

Wacha nipeleke ng'ombe maji narudi kuendelea.

ja_kondele

Hio ni Russia hio, ile hospitali kubwa ya Kisumu, sema tu omera 😂

mjomba_wa_miwani

Sijasema na sisemi. Kutoka Kisii mpaka Kakamega mpaka Eldoret hospitali kubwa ni ngapi? Tukae kwa mada.

sista_wa_kuku

Mjomba pole sana na mtoto. Mimi nimefanya wodi ya watoto miaka 27, nimestaafu, sasa nafuga kuku, kwa hivyo hakuna wa kunifuta kazi nikisema. Yule wa dirisha alikufanyia vizuri.

Ngoja usikasirike kwanza. Mtu akiwekewa damu isiyo ya kundi lake mwili unaipiga vita hapo hapo, kidogo tu inatosha, figo zinafunga, mgonjwa anaweza kufa pakiti ingali imejaa. Na hilo kosa mara nyingi halitoki kwa mashine. Linatoka kwa chupa iliyoandikwa jina la mtoto wa kitanda kingine. Wewe ni wa huku, unajua vile tunaita watoto kwa majira waliyozaliwa, Akoth na Okoth ni wa mvua. Wiki ya mvua utapata wodi moja ina akina Akoth watatu na Okoth wawili. Ukimpa wa maabara chupa imeandikwa Akoth bila nambari unataka afanye nini, apige kura?

Ndiyo maana jina na nambari kwa chupa na kwa fomu lazima vifanane herufi kwa herufi. Visipofanana hawasahihishi kwa kalamu, wanataka damu mpya, hata akija daktari mkuu mwenyewe. Kosa lilikuwa la aliyejaza, si la aliyekataa. Siku nyingine kabla hujaondoka kitandani soma chupa, soma fomu, sekunde 10 tu, ndipo ukimbie. Na kasualti mkiulizwa jina semeni lile la cheti cha kuzaliwa, si la nyumbani.

mjomba_wa_miwani

Sista hapo umenimaliza. Kasualti mwenye alisema jina la nyumbani ni mimi. Dada alikuwa ameshika mtoto, mimi ndio niliulizwa jina, nikasema lile tunamwitaga kwa boma. Mamake akaja akampa daktari lile la cheti.

Masaa mawili yalikuwa yangu. Haya.

ja_kondele

Yawa. Pole mjomba.

mjomba_wa_miwani

Naendelea. Chupa ya pili ikakubaliwa. Jamaa akasema damu ya kundi lake iko kidogo, atatupa, lakini tulete watu wa kurudisha ju kuna mama ako theta na wengine wanakuja. Nikapiga simu watu 11. Wanne hawakushika. Binamu mmoja akatoka Chemelil na matatu, akapandishwa mizani, kilo 47, akarudishwa, kumbe chini ya kilo 50 hawakuchukui ata ulie. Mwingine anameza dawa. Mwingine akafika kwa mlango akaona sindano akakumbuka ana mkutano.

Mwenye alitoa ni yule wa nduthi. Hatukuwa tumemaliza kumlipa, alikuwa bado kwa geti anangoja mia moja yake, ananiona nikipita mara ya tano, akaniuliza "kwani mnatafuta nini?" Nikamwambia. Akafunga nduthi na cheni kwa mti akaingia. Mimi pia nikatoa. Soda na biskuti tulizopewa nikampa zote zake na zangu, na mia moja yake mpaka leo amekataa kupokea.

Damu ikakuja saa mbili usiku. Imetoka kwa friji, ni baridi kama maji ya mtungi, nikafikiria nitaiweka kwa kwapa ipate joto kidogo kabla iingie kwa mtoto. Sista wa zamu aliniangalia vibaya sana. Akaichukua, wakasimama wawili na sista mwingine, mmoja anasoma pakiti mwingine anasoma faili, kwa sauti, kama wanafunzi wa darasa la pili. Jina. Nambari. Kundi. Tarehe ya kuisha. Ndio wakafungua. Na akakaa hapo hapo kwa kitanda mwanzo wote anapima joto na kuangalia ngozi.

Saa saba usiku mtoto akafungua macho akaomba chapati.

Chapati saa saba usiku utatoa wapi. Mama wa kitanda cha 14, simjui, mtoto wake ameungua na uji, akatoa flaski ya chai na mkate nusu chini ya kitanda. Tulikunywa sisi wote kwa kifuniko cha hio flaski, kikizunguka.

sista_wa_kuku

Walikufanyia kazi safi hapo. Damu haipashwi moto kwapani wala juani wala kwa maji ya moto, inaharibika. Ikishatoka kwa friji inafaa kuanza ndani ya nusu saa na iwe imeisha ndani ya masaa 4. Zile dakika 15 za kwanza ndizo za hatari, ikiwa kuna shida ndipo inajionyesha: mtoto anatetemeka, anajikuna, mgongo unauma, anapumua haraka. Ukiona hivyo usisubiri sista apite, piga kelele.

Na kuhusu mwezi wa nane, mjomba uligusa penyewe bila kujua. Kikapu kikubwa cha damu nchi hii ni wanafunzi. Magari ya damu huenda shule za upili na vyuo, kuanzia miaka 16 mtu anaruhusiwa, mpaka 65. Shule zikifungwa, damu inashuka. Na damu haiwekwi akiba kama mahindi, pakiti ikikaa siku 35 inatupwa. Kwa hivyo ile mnatoa wakati wa ajali moja kubwa, watu wanapanga foleni siku moja, haisaidii mwezi ujao. Mwanaume anaweza kutoa kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4.

mama_wa_wawili_mbale

Mulembe. Mimi nina watoto wawili, wa kwanza yuko sawa, wa pili ana sikoseli, sasa ni miaka 11. Mjomba mwambie dada yako asikubali mtu amlaumu. Mimi mama mkwe alisema kwao hakuna kitu kama hiyo, mimi ndio nimekuja nayo kwa boma. Miaka minne nikibeba hiyo maneno. Ndio siku moja kliniki yule klinikal ofisa akaita mimi na bwana yangu pamoja, akatupima wote, akachora kwa nyuma ya kadi: baba amebeba nusu, mama amebeba nusu, hakuna mmoja kati yenu ni mgonjwa, na kila mimba ni nafasi 1 kwa 4. Kila mimba. Si ati mkipata mmoja mgonjwa wale watatu wanaofuata wako salama, hiyo ndio watu wengi hawaelewi. Bwana yangu alinyamaza mpaka nyumbani. Akaenda kwa mamake peke yake. Sikuuliza walisema nini lakini hiyo maneno haikurudi.

kijana_wa_luanda

Swali tu, mbona iko mingi huku kwetu na Nyanza na si kama huko milimani?

sista_wa_kuku

Malaria, mwanangu. Yule aliyebeba nusu malaria haimwangushi vibaya kama wengine, kwa hivyo tangu zamani wengi wao walipona utotoni wakakua wakazaa. Mahali mbu ni wengi miaka yote, kama huku ziwani na Magharibi na pia Pwani, hiyo nusu imejaa kwa damu yetu. Shida ni nusu mbili zikikutana. Mwenye nazo zote mbili malaria haimwonei huruma hata kidogo, inavunja damu ambayo tayari ni chache. Ndicho kilichompata mtoto wa huyu mjomba.

Kwa hivyo neti ni lazima, dawa ya kuzuia malaria kama mmepewa msiruke, foliki, ile ya kusaidia kutengeneza damu, kila siku, na kama kliniki imemwanzishia hidroksiurea, dawa ya kupunguza makali ya sikoseli, msiache ati kwa sababu amekaa vizuri miezi 3. Amekaa vizuri kwa sababu ya hiyo dawa. Na dada yako afundishwe kushika bandama, upande wa kushoto chini ya mbavu. Ikivimba ghafla na mtoto amepauka, hiyo si ya kungoja asubuhi.

mama_wa_wawili_mbale

Na maji sista. Wangu huwa natumana barua shule aruhusiwe chupa ya maji darasani na kutoka kwenda choo bila kuuliza. Mwalimu mmoja alikataa nikaenda mwenyewe. Na sweta ata kama jua linawaka, asubuhi ya Mbale si mchezo.

mjomba_wa_miwani

Narudi kwa maneno ya kuzunguka ju hapo ndio pesa na wakati zinapotea. Kuna vitu nilijifunza kwa ubaya.

Kwanza ni faili. Siku ya tatu ulikuwa mzunguko mkubwa wa daktari, wale wanakuja nane na mkubwa wao mbele, na mimi nimeenda kununua maziwa. Nimerudi wamepita. Dada naye ni mtu wa kunyamaza, wakamuuliza mtoto amekula, akasema ndio. Basi. Hawakujua alitapika usiku mara 3, haikuwa imeandikwa mahali. Kutoka hapo nikanunua daftari ya shilingi 20 nikaanza kuandika: saa, joto, amekula nini, amekojoa mara ngapi, dawa gani imepewa na gani imerukwa. Siku ya tano yule mkubwa akaichukua akasoma kurasa mbili amesimama, akauliza wale wake "hii mmeona?" Zile sindano za malaria ni saa sifuri, saa 12, saa 24, halafu akiweza kumeza anapewa vidonge vya siku 3. Ile ya pili ilikuwa imechelewa. Si kwa ubaya, sista alikuwa mmoja na watoto 38, nilihesabu. Nilienda nikamwambia kwa heshima "sista ya huyu ilikuwa saa moja," akashtuka, akashukuru. Ningemwendea na kelele sijui kama angeshukuru.

Pili ni kuuliza kabla ya kununua. Niliandikiwa dawa nikakimbia chemisti ya nje nikalipa 1,150. Kumbe ndani iko, imeisha famasia kubwa lakini famasia ya wodi iko nayo. Hakuna mtu alinidanganya, sikuuliza tu.

Tatu, geti. Saa za kuona wagonjwa zikiisha soja anatoa watu wote, na mwenye kulala na mtoto ni mmoja na awe na kikaratasi. Mimi nilikuwa nabadilishana na dada, kikaratasi ni kimoja, kwa hivo tulikuwa tunapeana kwa uzio kama watu wa magendo.

bonde_kwa_bonde

Niko Nakuru na naona ni sawa tu na huku. Shosho yangu alilazwa PGH mwaka juzi. Najua jina ni lingine siku hizi, Nakuru County Referral, lakini mwambie makanga akushukishe Referral uone venye atakuangalia. Mikoa iliisha 2013 na sisi bado tunalazwa kwa hospitali ya mkoa 😂 Kwa mama na watoto wana lile jengo la Margaret Kenyatta, hapo dada yangu alijifungulia na sina neno baya.

mzee_wa_makasembo

Vijana mnataja Russia mkicheka lakini wengi hamjui mnachotaja. Pesa na mafundi walitoka Muungano wa Kisovieti, Jaramogi ndiye aliyekuwa na urafiki na Moscow, kwa hiyo watu wakaiita kwa jina la aliyejenga. Jina la kwenye bango lilikuwa New Nyanza General. Ilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1969 na Mzee Jomo Kenyatta mwenyewe, na hiyo siku iliharibika. Wafuasi wa KPU, chama cha Jaramogi, walizomea, yeye na Jaramogi wakarushiana maneno hadharani, mawe yakarushwa, askari wakafyatua risasi kwa watu. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Walikuwepo watoto wa shule waliotolewa kupanga mstari barabarani kupunga mikono. Mimi nilikuwa mmoja wa waliopanga mstari, upande wa juu zaidi, kiatu kimoja nilikiacha Kondele.

Siku chache baadaye Jaramogi akawekwa kizuizini na chama kikapigwa marufuku. Na leo hospitali hiyo inaitwa jina lake, Jaramogi Oginga Odinga. Mtu akiniambia anaenda Russia kupimwa presha mimi huwa nanyamaza kidogo kwanza.

ja_kondele

Jaduong' hio sikujua. Nimepita hapo kila siku tangu nizaliwe.

nyundo_ya_haki

Historia ni sawa lakini swali ni hili, mjomba kulipa ilikuwaje? Ju Kisumu ndio ilikuwa mfano wa nchi nzima. Uhuru akiwa rais alikuja hapa Desemba 2018 akazindua afya bure, kaunti nne, Kisumu, Nyeri, Machakos na Isiolo. Tukaandikishwa, tukapewa kadi. Hio kadi sasa nafungia nayo dirisha.

mjomba_wa_miwani

Kadi ya dirisha umeniua 😂

Bili ilifika 23,400. Dada ana SHA, bima ya afya ya serikali, alijiandikisha ile wakati NHIF, bima ya zamani, ilikuwa inafungwa Oktoba 2024, akadhani amemaliza. Kujiandikisha si kulipa, hapo ndio watu wengi wa shamba tumeanguka. Mwenye ameajiriwa anakatwa 2.75% kwa mshahara kila mwezi, sisi wengine unajibu maswali ya nyumba yako ni ya nini, choo ni cha nini, una ng'ombe ngapi, halafu unapewa kiasi cha kulipa na ni cha mwaka mzima mara moja, chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Kwa dispensari na helth senta ukishajiandikisha unatibiwa bila kulipa. Kulazwa hospitali kubwa lazima uwe umelipa. Halafu mtoto hakuwa ameongezwa kwa jina la mamake. Tuliketi kwa ofisi ya SHA ya hapo ndani nusu siku, cheti cha kuzaliwa kikaletwa na matatu ya mchana, kimefungwa kwa bahasha, dereva akapewa mia.

Tulichanga ya mwaka, ikaingia, bili ikabaki kidogo. Ile kidogo nikaenda ofisi ya sosho, wale wa ustawi wa jamii, nikaeleza hali. Mama wa pale ananiuliza maswali anaandika, hakuahidi kitu. Siku ya pili akapunguza nusu.

Wenye mko na wazee na watoto nyumbani piga *147# leo jioni, angalia nani ameongezwa na nani hajaongezwa. Usingoje ukiwa kasualti.

wakili_wa_jioni

Niongeze moja. Katiba ibara ya 43(2): mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haisemi "akilipa", haisemi "akiwa na SHA". Mtu akiambiwa deposit kwanza na mgonjwa anavuja damu, taja hiyo ibara kwa upole na uombe msimamizi wa zamu. Upole nimesema.

nyundo_ya_haki

Upole ndio umetufikisha hapa.

wakili_wa_jioni

Wewe nenda na nyundo, sisi tutakuja na sahani ya chakula cha wagonjwa.

kijana_wa_luanda

😂😂

mwana_wa_malava

Naleta upande mwingine ju hapa ni kama kila kitu ni kilio. Baba yangu figo zilikwisha 2013. Wakati huo tulikuwa tunaenda Eldoret, pale hospitali ya Moi, aoshwe damu mara 2 kwa wiki kutoka Malava. Unaamka saa tisa usiku, unarudi saa mbili usiku, mzee amechoka ata kuongea hawezi, na nauli ya watu wawili. Tuliuza ng'ombe 3 na kipande cha shamba, na hizo zilikuwa nauli na malazi zaidi kuliko dawa. Kutoka 2015 mashine za kuosha damu zikaanza kuletwa kwa hospitali za kaunti, ile mpango wa vifaa ambao watu waliutukana sana, na mimi sina haja ya kutetea bei zake. Ninachojua ni baba alianza kuoshwa damu karibu, anarudi nyumbani mchana, anakula na kukhu, nyanya yetu, kibandani. Alipata miaka 4 hivo. Hio miaka 4 nani atanilipa nikiidharau.

mjomba_wa_miwani

Malava nimekusoma mara mbili. Ni kweli. Na kama mtoto wetu angezaliwa wakati wangu hangekuwa na chanjo ya malaria, walianza kuipeana 2019 huko Homa Bay ndio ikaenea kaunti za ziwani na Magharibi. Wetu alipata dozi 3, ile ya nne ya miaka miwili dada hakurudi, mto ulikuwa umefurika. Sijui ingesaidia kiasi gani, siwezi kumuuliza swali kama hilo sasa.

ja_kondele

Jamani na mtoto? Mbona humalizi?

mjomba_wa_miwani

Mtoto yuko sawa, ako hapa anakula muwa na nimemwambia ateme maganda ndani ya karai si kwa mlango. Tumetoka na HB 7.6, daktari akasema kwake hio ni ya kawaida, tusitafute 12. Ana kadi ya kliniki, kila mwezi Jumatano. Ile ya kwanza tumeenda tayari na yule wa dirisha la damu nikamkuta amekaa anakula ndizi. Nikamsalimia. Hakunikumbuka, ju anakataa chupa za watu wangapi kwa siku. Nikamwambia tu "ile siku ya jina, asante." Akasema "jina la nani?"

Mimi na yule wa nduthi tumeandika kwa simu tarehe, mwezi wa kumi na moja tarehe za mwisho tunarudi kutoa damu, na yule binamu wa kilo 47 tumemwambia ale.

Halafu kitu ya mwisho. Mama wa kitanda cha 14, mwenye mtoto wa kuungua. Nilikuuliza jina ukacheka, ukasema wewe ni jirani. Kifuniko cha flaski yako kilirudi na sisi ndani ya karai la nguo, ni cha bluu kina ufa kidogo pembeni. Nimeuliza wodini wanasema mlihamishwa. Kama uko humu ama kuna mtu anakujua, nakuja nacho Jumatano ya kliniki, nitakuwa kwa benchi ya kwanza ukiingia, niko na mtoto wa sweta ya kijani.